Fildi, intani na kujitolea ukiwa chuo: maswali ninayoulizwa kila mwaka

Kila ikifika mwezi wa tatu simu yangu inaanza kuita namba nisizozijua, "shikamoo kaka, nimepewa namba yako na fulani, natafuta sehemu ya fildi". Maswali ni yale yale, nikaona niyaandike mara moja ili nikipigiwa niwe natuma hii tu. Mimi fildi zangu nilifanya kwenye uhasibu na siku hizi niko upande wa pili wa meza, napokea wanafunzi, kwa hiyo mifano mingi itanukia ofisi. Yote ni ya Tanzania, na chuo chako kikisema tofauti na mimi basi fuata chuo, wao ndio wanakupa maksi.

## Mwanzo kabisa

Fildi, intani na kujitolea si kitu kimoja tu?

Hapana. Fildi, au mafunzo kwa vitendo, ni sehemu ya kozi yako, ina maksi, ina ripoti, na usipoifanya au ukifeli unairudia kama somo lingine. Wanaosomea ualimu wao wana BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, wanaenda kufundisha shuleni. Intani inachanganya watu kwa sababu neno linabeba vitu viwili: kuna ile programu ya kampuni au shirika unaomba mwenyewe ukiwa bado unasoma, na kuna ile ya baada ya kumaliza, mfano daktari akimaliza MD ana mwaka 1 wa intanishipu hospitali kabla ya usajili kamili.

Kujitolea ni kule hakuna anayekudai, unaenda mwenyewe, hamna maksi. Cha ajabu huko ndiko watu wengi wanakabidhiwa kazi ya maana haraka, sababu ofisi haina mtu mwingine wa kuifanya.

Niko mwaka wa kwanza, kuna haja ya kwenda kweli au nitafute tu mtu wa kunisainia?

Nenda. Najua mwaka wa kwanza hujasoma kitu kikubwa na utaona kama unapoteza muda, ila mwaka wa kwanza ndio unaruhusiwa kuuliza maswali ya kijinga bila mtu kukushangaa. Ukiuliza "vocha ni nini" mwaka wa kwanza unaelezwa, ukiuliza mwaka wa tatu watu wanaangaliana. Habari ya kusainiwa iko mwisho kabisa huko chini.

Naanza kutafuta lini?

Vyuo vingi fildi ni kati ya mwezi wa saba na wa kumi, baada ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula. Barua ziwe zimeshafika mezani kwa watu mwezi wa tatu au wa nne. Taasisi zinazogombewa, benki kuu, mamlaka ya mapato, umeme, bandari, hizo kila mtu anaziomba, ukichelewa hata wiki mbili umekuta wameshajaza.

Halafu mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Barua yako ikiingia katikati ya mwezi wa sita unakuta ofisi nzima inakimbizana na kufunga mwaka, hamna mtu wa kuisoma, inakaa chini ya mafaili mpaka wewe unarudi chuo. Ila kwa wa uhasibu kuna raha yake hapo: ukipata nafasi ya kuanza mwezi wa saba serikalini unakuta wanaandaa hesabu za mwaka, zinatakiwa kwenda kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mwisho wa mwezi wa tisa, yaani unaziona zinapikwa mbele yako. Darasani hutaliona hilo.

## Kutafuta nafasi

Barua inaandikwaje, na naipeleka kwa nani?

Unakuwa na vitu vinne: barua ya utambulisho ya chuo, barua yako ya maombi, CV ya ukurasa mmoja (una miaka 21, kurasa tatu unaandika nini?), na kopi ya matokeo kama wanataka.

Barua inaandikwa kwa bosi wa juu kabisa, siyo kwa mtu unayemfahamu. Halmashauri unaandika kwa Mkurugenzi, ofisi ya mkoa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Haiendi mkononi kwake, inaenda masjala, ofisi inayopokea barua na kutunza mafaili, wanaigonga muhuri, inaingia kwenye faili, faili linapanda kwa bosi, bosi anaiminiti, yaani anaandika maelekezo juu yake, kwa afisa utumishi, naye anaishusha idarani. Ukielewa hiyo safari ndio utaelewa kwa nini inachukua wiki tatu na kwa nini kumpigia mkuu wa idara kila siku haisaidii, barua yenyewe hajaiona.

Kwa hiyo nenda na kopi ya pili, uwaombe masjala wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hiyo unaondoka nayo. Watu wanaidharau hii, siku barua "haionekani" ndio wanaikumbuka.

Ndani ya barua yako taja tarehe unazotaka, kozi, mwaka, idara unayotaka, na kitu kimoja unachoweza kufanya. Usiandike "niko tayari kufanya kazi yoyote". Huyo tunampa fotokopi.

Sina konekisheni yoyote, nitapata kweli?

Utapata ila siyo kule unakowaza. Sitakudanganya, kwenye zile taasisi kubwa mwenye mjomba anatangulia. Ila nchi hii ina halmashauri zaidi ya 180, kila moja ina mhasibu, injinia, afisa maendeleo ya jamii, afisa kilimo, mtu wa TEHAMA, na nyingi za mikoani zinapokea wanafunzi wachache sana kwa sababu wote mnabanana Dar na Dodoma. Nenda Ludewa, nenda Kibondo. Pale wanafunzi mko wawili, mhandisi akienda saiti anakubeba kwenye gari maana kuna siti. Dar mko 25, unakaa kwenye benchi koridoni.

Nimepeleka barua wiki tatu sasa, kimya. Nifanyeje?

Usiulize "nimepata?" Jibu lake ni "bado" na simu inakatwa. Uliza barua iko wapi. Kitu kama hivi:

"Habari za kazi dada. Naitwa fulani, mwanafunzi wa chuo fulani, nilileta barua ya fildi tarehe 14 mwezi wa nne, mlinigongea muhuri. Naomba kujua imefikia kwa nani."

Hapo mtu wa masjala analazimika kufungua rejesta aangalie, anakwambia iko kwa afisa utumishi, basi unaenda huko. Nenda asubuhi, salimia kila mtu kuanzia mlinzi getini, shikamoo haina gharama. Na usisubiri ofisi moja, peleka barua sehemu nne au tano, ukijibiwa sehemu mbili ile unayoiacha wapigie uwashukuru na uwaambie hutakuja. Hawatasahau, na pengine mwakani utarudi kuomba hapo hapo.

Wananiambia nilipie ndio nipewe nafasi. Ni halali?

Inategemea. Baadhi ya taasisi, hasa hospitali, zina ada rasmi ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na chuo chako kitakuwa kinajua. Kama ni taasisi ya umma omba kontro namba, lipa kwa hiyo, chukua risiti. Ukiambiwa "tuma kwenye namba hii ya simu, jina litatoka la shemeji yangu", hiyo siyo ada. Achana nayo au piga TAKUKURU 113, ni bure.

## Hela

Hela ya fildi ya Bodi ya Mikopo inakuwaje?

Kwenye mkopo wa HESLB kuna kipengele cha mafunzo kwa vitendo, kinahesabiwa kwa siku na mwisho ni siku 56, yaani wiki 8. Kiasi unachopata wewe kinategemea umepangiwa nini, kwa hiyo usichukue hesabu ya rafiki yako wa chumba kimoja ukaiweka kwenye bajeti yako. Angalia akaunti yako, ulizia ofisi ya mikopo chuoni, na usaini kwa wakati, kuna watu wanaondoka chuo na begi hawajasaini halafu wanapiga simu wako Mbeya.

Ushauri wangu ni upange wiki mbili za kwanza kama vile bumu, hiyo hela ya mkopo, halipo. Likiingia siku ya kwanza, vizuri, limekukuta una akiba.

Sina mkopo kabisa na nyumbani hali ngumu. Naishije?

Fildi inachaguliwa kwa ramani ya ndugu, tuseme ukweli. Una shangazi wapi? Anza hapo. Na hesabu nauli kabla hujasherehekea barua: mtu anapata wizara Dodoma anashangilia, kumbe ofisi iko Mji wa Serikali Mtumba na yeye kapanga upande wa pili wa mji, kila siku magari mawili kwenda na mawili kurudi, mara siku 40 za kazi. Piga hesabu hiyo kwenye karatasi kwanza.

Siku ya kwanza usiulize posho. Wiki ya pili ukishajulikana, muulize msimamizi wako kistaarabu kama kuna utaratibu wowote wa nauli. Sehemu nyingi utaambiwa hakuna, ila chai ya ofisi na lifti ya kurudi mjini mara nyingi vinapatikana ukiwa mtu wa watu.

## Ukishaingia

Natumwa chai na fotokopi tu. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kuu kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fildi yangu ya mwaka wa pili ilikuwa kwenye ofisi moja ya umma, sitaitaja, wiki tatu nzima kazi yangu ilikuwa kutoa kopi na kwenda kununua vocha za simu za wakubwa. Nilikuwa nimekasirika hatari. Sasa nyuma ya meza yangu kulikuwa na shelfu la boksi faili, ndani vocha za malipo za mwaka mzima, za karatasi enzi hizo, na kila siku kuna mtu anakuja kutafuta vocha moja anakaa saa nzima anapekua, anatukana kimoyomoyo, anaondoka bila. Siku moja nikamwambia mhasibu, "mzee naweza kuzipanga hizi?" Akaniangalia akasema "utaziweza?" kwa ile sauti ya kwamba nenda tu usinisumbue.

Nikachukua boksi la mwezi wa saba. Kila vocha naandika kwenye Excel namba yake, tarehe, aliyelipwa, kiasi, kifungu, na iko boksi la ngapi. Safu ya mwisho nikaandika "viambatisho", hapo naweka ndiyo au hapana kama risiti na idhini zipo. Kufika boksi la nne nilikuwa najua vitu ambavyo hamna mwalimu aliyenifundisha, kwamba malipo ya semina yanatakiwa yawe na karatasi ya mahudhurio yenye saini, kwamba vocha isiyo na kiambatisho ndiyo inayozaa hoja ya ukaguzi. Vocha 31 hazikuwa na viambatisho. Nikaprinti orodha yake nikampelekea mhasibu. Alinyamaza kama dakika nzima, akaniambia funga mlango.

Mwezi wa kumi na moja niko chuo, simu inaita, mzee: "kijana, ile kazi yako ya vocha uliiweka kwenye kompyuta ipi, wakaguzi wako hapa." Huyo mzee ndiye aliyepokea simu ya watu walioniajiri kwanza, walipopiga kuulizia habari zangu.

Kwa hiyo fotokopi toa, chai peleka, usinune. Ila angalia ni kitu gani pale ofisini kila mtu analalamikia na hamna mwenye muda nacho. Stoo isiyo na rejesta, mafaili ya wagonjwa yaliyochanganyika, ramani ambazo hazijaskaniwa, orodha ya namba za simu za wakulima ya miaka mitano iliyopita. Omba ruhusa, anza na boksi moja, usitangaze kwamba unabadilisha mfumo.

Logibuku, lile daftari la kazi za kila siku, naijazaje?

Jaza kila siku, jioni, kabla hujatoka. Usiseme nitajaza Ijumaa, Ijumaa hukumbuki Jumanne ulifanya nini ndio unaanza kuandika "nilifanya kazi za ofisi". Andika kazi yenyewe na idadi: "Nimelinganisha risiti 43 za makusanyo na slipu za benki, 2 hazikuwa na slipu, nikamwonyesha mtunza fedha." Saini ipate kila wiki, maana msimamizi anaweza kwenda likizo wiki yako ya mwisho ukabaki unazunguka na daftari.

Mwalimu wa chuo anakuja lini kunikagua?

Atakuja siku ambayo umetoka kwenda benki. Utani, ila karibu na ukweli. Vyuo vingi anakuja mara moja na hasemi siku, kwa hiyo ukitoka aga, na uache namba yako mapokezi. Akikukuta anataka kuona logibuku na kitu ulichofanya, siyo historia ya taasisi uliyoikopi kwenye tovuti yao.

Naweza kupiga picha nyaraka niweke kwenye ripoti?

Omba ruhusa kwanza, na mara nyingi jibu liwe hapana hata kabla hujauliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na faili la mgonjwa au slipu ya mshahara ya mtu siyo mapambo ya ripoti. Fomu tupu inatosha, majina badilisha yawe mgonjwa A, mteja B. Mwonyeshe msimamizi ripoti kabla hujaibaindi. Na selfi ukiwa mezani na mafaili wazi nyuma yako usiweke status, mwanafunzi anaweza kurudishwa chuo kwa kitu kidogo kama hicho.

## Kujitolea

Najitolea wapi, mashirika yote yanataka uzoefu?

Anza na vitu ambavyo viko karibu mpaka huvioni. Mama yako yuko VICOBA? Nani anaandika vitabu vyao? Msikiti, kwaya, timu ya mtaa, wote wana hela inayoingia na kutoka na daftari lililochanika. Mwanafunzi wa uhasibu aliyetunza hesabu za kikundi cha watu 30 mwaka mzima mpaka mgao, bila ugomvi, huyo ananishawishi kuliko cheti cha semina ya siku mbili.

Kwa yaliyo rasmi, Msalaba Mwekundu wana matawi mikoani na wanafundisha huduma ya kwanza. Wa mazingira wapo Roots & Shoots, ilianzishwa na Jane Goodall hapa hapa Dar mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu, sasa iko dunia nzima. Wa sheria tafuteni watoa msaada wa kisheria, wanatambulika kwa sheria ya 2017 na mafaili yao hayaishi. Halafu kuna kazi za msimu: mabanda ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, Nanenane, uandikishaji wa daftari la wapiga kura. Waliokuwa makarani wa sensa Agosti 2022 wanajua nasema nini, kugonga mlango wa mtu usiyemjua ukamhoji akajibu ni ujuzi. Ila sensa ni kila miaka kumi, usiisubiri.

Naiwekaje kwenye CV wakati sikulipwa?

Kama kazi nyingine yoyote. Hamna mtu atakuuliza ulilipwa ngapi. Usiandike "volontia" peke yake, andika ulichofanya na kwa ukubwa gani, kama nilivyosema kwenye logibuku.

Masomo je?

Saa nne hadi sita kwa wiki zinatosha. Ukianza kukusanya sapu, mitihani ya kurudia, kwa sababu unajitolea, umekosea hesabu. Wiki za UE waage mapema, wataelewa.

## Pale inapokuwa ngumu

Msimamizi ananitaka kimapenzi na ndiye anayejaza fomu yangu ya tathmini.

Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, siyo "mambo ya kawaida ya maofisini" kama utakavyoambiwa. Usifute meseji, piga picha ya skrini, mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo. Kisha mratibu wa fildi chuoni au dawati la jinsia, na TAKUKURU kwa 113. Mratibu ana uwezo wa kukubadilishia kituo katikati ya fildi, wiki moja iliyopotea si kitu. Na hili linawapata wavulana pia, nao wanaona aibu kusema.

Kituo hakihusiani kabisa na kozi yangu. Nihame?

Wiki ya kwanza hama, ya tano vumilia. Kuhama lazima mratibu ajue kwa maandishi, vinginevyo mwalimu atakuja kukukagua kule ulikotoka. Ukiugua vivyo hivyo, cheti cha daktari kopi mbili, moja kituoni moja chuoni.

Nimemaliza chuo, ofisi inataka niendelee kujitolea bila malipo. Nikubali?

Kubali ukiwa na barua yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mimi naona miezi sita basi, zaidi ya hapo umekuwa mfanyakazi wa bure. Kabla hujakubali angalia njia zenye utaratibu: TaESA, huduma za ajira za serikali, wana mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, mainjinia wana SEAP, mafunzo ya kazini ya bodi ya usajili wa wahandisi (ERB), ipo tangu 2003, ni miaka mitatu na inakupeleka kwenye usajili. Wa sheria wanajua habari ya Law School, mafunzo ya kuwa wakili.

Kuna jamaa anagonga mihuri na kuandika ripoti nzima, bei poa. Kuna ubaya?

Kughushi nyaraka ni jinai, hilo la kwanza. La pili nilikaa kwenye paneli ya usaili mwaka fulani, akaingia kijana ana CV safi, fildi wiki 8 idara ya fedha, ripoti imebaindiwa vizuri kabisa. Mwenzangu, mama mmoja mpole, akamuuliza swali dogo tu la kumchangamsha: "pale mlikuwa mnafunga kasibuku saa ngapi?" Kasibuku ni kitabu cha fedha, kinafungwa siku ya kazi ikiisha. Kijana akatazama dari. Akasema saa kumi na mbili asubuhi.